Insha ya Digidigi na Kibuyu cha Mwalimu Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakienda shule na kuchapwa kama nyinyi, mvua ilikataa kunyesha mwaka mzima. Msiniulize kwa nini. Mvua haimpi mtu sababu.

Mwalimu Nyati alikuwa na shule iliyozungushiwa ua wa miiba. Nje ya ua walizunguka fisi wenye njaa, na ndani walikaa wanafunzi. Aliyefaulu insha alilala ndani. Aliyeshindwa alifunguliwa lango akaambiwa kwaheri. Basi mnaelewa kwamba watoto wale waliipenda sana insha.

Nyati alikuwa na pembe na kifua, lakini kuhesabu kulimshinda. Akishazimaliza kwato zake nne, vilivyobaki vyote aliviita vingi. Kwa hiyo akatafuta kibuyu. Yeye alisoma insha kwa sauti, neno moja moja, na kila neno kiranja Fisi alitia punje moja ya mahindi, tak, tak, tak. Kibuyu kikijaa hadi shingoni, umefaulu. Kisipojaa, lango lile. Insha ilisema nini, hilo halikumhusu.

"Na hesabu ikianza haikatizwi," alizoea kusema. "Atakayeikatiza, awe nani, atatoka nje."

Kiranja Fisi alikuwa na ndugu zake kule nje, wakingojea kwa hamu matokeo ya kila mtihani. Ndiyo maana alikuwa makini mno na kazi yake.

Siku moja Nyati akaandika ubaoni: Siku Nisiyoisahau.

Wanafunzi wakainama juu ya magome yao ya mti, wakakwaruza kwa miiba, kwaru kwaru kwaru. Karibu wote walianza vilevile. Jua lilichomoza, ndege waliimba, niliamka nikapiga mswaki. Hata Nungunungu aliandika hivyo, naye jua likichomoza ndiyo kwanza anakwenda kulala.

Digidigi, mdogo kuliko wote, aliandika sentensi chache akauweka mwiba chini. Nungunungu akachungulia.

"Ndiyo hiyo tu, dada?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Hiyo haitafunika hata kitako cha kibuyu. Weka jua lilichomoza. Weka ndege. Tia na methali, methali zina maneno mengi."

"Siku ile jua halikuwa linachomoza. Lilikuwa linazama."

"Nani atajua? Mwalimu hasomi, anahesabu."

"Anasoma kwa sauti," Digidigi akasema.

"Anasoma, lakini hasikii. Wewe mjazie kibuyu chake uendelee kuishi."

Digidigi akauokota mwiba wake akaandika, akaandika, mpaka gome likajaa akaomba la pili.

Kesho yake alasiri wakakusanyika. Ngiri alikuwa wa kwanza, na insha yake ilisema kwamba alikula akashiba sana, sana, sana, na ikaendelea na sana hiyo mpaka kibuyu kikafurika.

"Insha nzito hii," Nyati akasema. "Keti, kijana. Digidigi, lete yako."

Fisi akakimwaga kibuyu, akalamba midomo. Nyati akakohoa, kisha akaanza kwa sauti yake ile iliyotikisa miiba ya ua.

"Mama. Yangu. Alitoka. Kunitafutia. Majani."

Tak, tak, tak, tak, tak.

"Alirudi. Jua. Likizama. Mwalimu. Alikuwa. Amefunga. Lango."

Hapo Nyati akasita. Jioni ile aliikumbuka. Alisikia vikwato vidogo vikigonga, ngo ngo ngo, na akajibu kutoka kitandani kwamba lango likifungwa limefungwa.

"Endelea, Mwalimu," Nungunungu akasema kwa upole. "Hesabu haikatizwi."

Nyati akaendelea.

"Nilimsikia. Akigonga. Mwalimu. Hakufungua. Asubuhi. Mama. Hakuwapo. Nikamwita."

Tak, tak. Punje zilikuwa bado chache, hazijafunika kitako. Nyati akashuka mstari wa chini.

"Mama," akasoma. Tak. "Mama." Tak. "Mama. Mama. Mama."

Akaligeuza gome. Upande wa pili ulikuwa Mama kutoka juu hadi chini. Akalitazama gome lile jingine. Mama.

"Mwalimu, hii ni hila," Fisi akasema. "Neno ni lilelile."

"Na sana ya Ngiri ilikuwa ileile," Digidigi akajibu. "Kwani kiranja ameikatiza hesabu?"

Fisi akaliangalia lango, akawakumbuka ndugu zake na njaa yao. Undugu wa fisi anaujua fisi. Akainama haraka akatia punje.

Nyati hakuwa na njia. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Akaita Mama, na Mama, na Mama, na sauti ile nene ikapita juu ya ua, ikapita nyika yote iliyokauka, ikafika kwenye mto usio na maji. Darasani Ngiri alianza kulia bila kujificha, maana yeye pia alikuwa na mama kule nje, na wengine wakafuata. Nikisimulia hapa hata mimi huumia, basi nyamazeni nimalize.

Mwanzoni Nyati alisoma kimwalimu. Alipofika katikati ya gome la pili hakuwa akisoma tena, alikuwa akiita. Hata fisi wa nje waliacha kucheka.

Punje ya mwisho ikadondoka juu ya nyingine ikabingirika chini.

"Kimejaa," Fisi akasema kwa shingo upande.

"Umefaulu," Nyati akasema, macho yake chini. "Keti, mwanangu."

Digidigi hakuketi. Alikuwa ameuelekea ua, masikio yamesimama.

"Nimesema umefaulu. Unangoja nini?"

"Sauti yangu ni ndogo, Mwalimu, haivuki miiba. Nimemwita kila siku na haifiki. Yako inafika mtoni. Subiri kidogo, labda ataitika."

Basi wote wakasimamisha masikio, na Nyati naye akasimamisha yake. Kimya, jii. Upepo ulipita kwenye miiba. Wakasikiliza mpaka jua likagusa ardhi, na hakuna aliyeitika.

Nyati alisimama langoni muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akalifunga, kwa sababu fisi walikuwa wanasogea.

Nami nafunga hapa, wanangu, nendeni mkalale na neno hili: ukihesabu tu maneno ya mwenzako, kilio chake kitakupita.