Mtamba Mmoja, Waokoaji Watatu

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawaachia kazi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nyika iliyo chini ya milima ya Taita. Kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na Righa, kijana asiyeyumbishwa na mtu. Mwadime, mwindaji hodari wa kufuata nyayo. Na Mkamburi, mjane ambaye wanawake wenzake walimsikiliza.

Vijana wa kijiji, Righa akiwemo, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mapigano yakawatawanya, wakapotea nyikani bila maji. Walipokuta kisima, ndani yake mlikuwa na mzoga wa punda uliooza. Wakataka kunywa hivyo hivyo. Righa akasimama mbele yao na panga.

"Atakayekunywa hapa hatamwona mama yake tena!"

Wakamrushia mawe, moja likampofua jicho. Hakuondoka.

Habari kwamba vijana wamepotea zikafika kijijini, lakini askari walikuwa wamefunga njia, na aliyeonekana nyikani alipigwa risasi. Mwadime akaenda. Alifuata nyayo hadi akawakuta wamelala, midomo imepasuka. Akawanywesha maji ya kibuyu chake, funda kwa funda.

"Inukeni, ndugu zangu. Twendeni nyumbani."

Akawapenyeza katikati ya majeshi mawili. Karibu na mlima risasi ikamvunja mguu, naye akaendelea kuwaelekeza njia akiwa amebebwa mgongoni na vijana wale kwa zamu.

Walifika hawajiwezi, na kijijini kulikuwa na njaa. Mkamburi akatoa mbegu zote alizozitunza kusubiri mvua, akazisaga na kupika uji.

"Dada, utapanda nini?" wenzake wakamuuliza.

"Tukiwazika watoto hawa, hayo mavuno tutamlisha nani?"

Wenzake nao wakatoa walichokuwa nacho. Vijana wakapona wote. Mvua iliponyesha, shamba la Mkamburi lilibaki tupu, na mwaka ule alikula mizizi ya porini.

Vita ilipokwisha, vijana wale walileta mtamba mmoja mwekundu, zawadi ya aliyewaokoa. Wakamwita Righa aje kuipokea.

"Mimi niliwazuia tu," Righa akasema. "Aliyewatoa nyikani ni Mwadime."

"Niliwaleta wakiwa mahututi," Mwadime akajibu. "Uji ndio uliowainua. Apewe Mkamburi."

Mkamburi akacheka. "Maiti hanywi uji. Bila hawa wawili, chungu changu kingefaa nini?"

Mtamba akabaki amefungwa kamba pale uwanjani, watu wakibishana, kila mmoja na hoja yake.

Je, wewe ungemkabidhi nani ile kamba?