Kimo cha Sultani na Fito za Mwijaa

Hapo zamani palikuwa na Sultani mfupi, jina lake Badawi, aliyechukia kutazama juu. Basi akapiga mbiu: "Kila mti unaonipita kimo ni mali yangu. Atakayeukata, naye atakatwa mkono." Waziri akasema, "Hekima hiyo, Maulana!" maana kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Ikawa watu wanapikia makumbi ya nazi na samadi kavu. Mwanashehe, mke wa mtu mmoja aitwaye Mwijaa, aliyekuwa akiwalisha wote wawili kwa kuuza vitumbua, akamwambia mumewe, "Bwana wee, kesho nipikie nini, ndevu zako?"

Mwijaa, fukara aliyesemwa kuwa punguani, akaenda nyuma ya nyumba. Huko alikuwa na miti ya mijohoro, aliyokuwa ameikata usawa wa goti kabla ya mbiu. Mjohoro ukikatwa haufi. Kisiki huchipua fito nyingi, ukizivuna huchipua tena. Fito zilikuwa zimekwisha komaa, basi akazikata, na vitumbua vikaiva. Harufu ikawafikia askari kabla ya wateja.

Akaburutwa hadi barazani, pamoja na ufito mmoja uliokuwa mrefu kuliko zote. Waziri akanguruma, "Huu umempita Maulana! Akatwe mkono!"

"Taratibu, Bwana Waziri," akasema Mwijaa. "Mbiu haikutaja dhiraa wala shubiri. Ilitaja kimo cha Maulana. Basi na asimame, tupime."

Sultani akasimama juu ya mitalawanda yake, viatu virefu vya mti, na kilemba kichwani kama mnara. Ufito ukaishia chini kidogo ya ncha ya kilemba.

"Kilemba si kichwa!" akafoka Waziri.

"Kweli kabisa. Basi mvue, Bwana, na mitalawanda umvue pia, mji wote uone Maulana anapoishia. Mkono wangu huu hapa."

Waziri akanyoosha mkono, akautazama uso wa Sultani, akaurudisha mkono.

"Mpumbavu wewe!" Sultani akamwambia Waziri. "Kilemba hiki ni mimi."

Mwijaa akaenda zake na mikono yake miwili. Tangu siku ile kila nyumba ikapanda mijohoro, safu moja ikivunwa, nyingine ikichipua, wala hapana ufito ulioachwa ukafika ncha ya kilemba. Na kila alipopita Sultani njiani, watu waliinama wakisema, "Umerefuka, Maulana! Ongeza kitambaa kidogo tu." Naye akaongeza, na kuni za mji zikarefuka.