Amina Haiezeki Paa

Amina haiezeki paa. Neno hilo mmelisikia leo kwa mama mchungaji mlipotoka kumwombea Bibi Nsubili, nanyi vijana wa kwaya mkacheka, mkadhani anawatania. Sasa Atupele ameniuliza limetoka wapi. Nitawaambia, ila asicheke mtu kabla sijamaliza. Chanzo chake ni hiki.

Mama yangu alipokuwa msichana, nyumba za huku kwetu kwenye miteremko ya Rungwe zilikuwa za mianzi na nyasi. Mvua yetu mnaijua wenyewe, haina adabu ya kupumzika. Paa likichakaa, wanawake walikata nyasi na wanaume walipanda kuezeka. Mwanamke kupanda juu ya paa ilikuwa mwiko, hata kama paa ni lake na anayelowa ni yeye.

Basi palikuwa na mjane aliyeitwa Tusekile. Wanawe walikwenda kutafuta kazi migodini, wakanyamaza hukohuko. Paa lake lilikuwa limeoza. Majira ya nyasi yalipofika alizikata peke yake, akazifunga matita, akayapanga vizuri nyuma ya nyumba. Kisha akangoja zamu yake ya sala.

Wakristo wa kijiji walikuwa wakisali nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba alitoa haja yake mbele ya wote, nao wakaiombea. Kiongozi wao alikuwa mzee wa kanisa, Ambakisye, mtu wa sala kwelikweli, wala simsengenyi. Lakini alikuwa na kanuni moja. Haja ikishaombewa, alisema, isiguswe tena. Kuitaja mara ya pili ni kuonyesha shaka, na kuishughulikia kwa mikono ni kumtangulia Mungu. Watu waliipenda sana kanuni hiyo. Nani asiyependa kanuni inayomruhusu kukaa?

Zamu ya Tusekile ilipofika, mvua ilikuwa inanyesha. Waumini waliingia, wakavuta vigoda huku na huku kukwepa matone. Tusekile akasimama.

"Baba zangu na ndugu zangu," alisema, "haja yangu mnaiona, inawadondokea. Nyasi ziko nyuma ya nyumba. Nimekosa wa kupanda tu."

"Tumekusikia, dada," alijibu Ambakisye. "Sasa tumwachie Bwana."

Wakaimba kuishinda mvua. Ambakisye akaomba kwa maneno mazuri hata akina mama wakalia, na ile amina ya mwisho ilitikisa kuta. Walipokuwa wakitoka, seremala mmoja, Asajile, akauliza, "Mzee, kesho tuje na kamba?"

"Ndugu yangu, tumeokolewa kwa imani au kwa kamba?"

Watu wakacheka. Asajile naye akacheka, akaenda zake.

Kwamba tumeokolewa kwa imani ni kweli tupu, nami nitazikwa nayo. Lakini siku ile Ambakisye aliigeuza kweli hiyo kuwa kigoda, akaikalia, na wenzake wakakaa pamoja naye.

Tusekile hakuomba tena. Aliogopa kuiharibu sala ya watu kwa shaka yake. Alihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda ile, na kila alipoulizwa kanisani hali yake, alijibu, "Bwana anajua." Mama yangu alimwona akianika blanketi juu ya ua kila jua lilipochomoza kidogo. Wengine nao walimwona. Kipupwe kilipoingia, kifua kikambana, na hakuamka tena.

Sasa sikilizeni hapa. Msiba wa kwetu unataka kibanda, waombolezaji wasinyeshewe. Asubuhi ile wanaume walikuja wengi kuliko waliohitajika. Huyu alikata mianzi, yule alisuka kamba, Asajile alipanda juu, na Ambakisye mwenyewe alisimama kuelekeza. Kabla ya adhuhuri kibanda kilikuwa kimekamilika, kimeezekwa hata tone halipiti.

Mchana dada wa marehemu, Syabumi, alifika kutoka ng'ambo ya mto. Aliingia ndani kwanza. Akakuta maiti ya dada yake imesogezwa pembeni ili isidondokewe, na beseni limewekwa chini kukinga maji. Akatoka, akaketi kibandani pamoja na wengine, akainua macho.

"Nyasi hizi mmezitoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, mama," alijibu Asajile. "Zilikuwa tayari."

"Zilikuwa zinamngoja nani?"

Asajile alitazama mikono yake. Hapo Ambakisye akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuongoza sala, "Mama, tulimwombea. Mungu ni shahidi, tulimwombea sana."

"Najua, baba. Aliniambia, tena kwa furaha. Alinieleza hata jinsi mlivyoitikia amina mpaka kuta zikatikisika." Syabumi alifuta uso kwa kitenge. "Lakini amina haiezeki paa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. Ambakisye alivua kofia, akatoka nje, akasimama mvuani mpaka maziko. Hakuweza kukaa chini ya nyasi zile.

Matanga yalipoisha alikibomoa kibanda kwa mikono yake, akazibeba nyasi, akapanda, akaiezeka nyumba ya Tusekile. Aliiezeka vizuri. Mama yangu alisema ndiyo nyumba iliyokuwa kavu kuliko zote kijijini, na hapakuwa na mtu wa kulala ndani yake. Ambakisye hakuacha kusali, wala Syabumi hakumwambia aache. Ila tangu hapo, mtu akitoa haja yake, mzee yule alisimama kabla ya amina na kuuliza, "Kamba iko wapi?"

Kwa hiyo mama mchungaji hakuwatania. Leo mmemwombea Bibi Nsubili vizuri, sauti zenu zilinifikia mpaka hapa nilipokaa. Mlipoingia kwake mtungi ulikuwa mtupu, yeye hawezi kushuka mtoni, na mlipotoka mtungi ulikuwa mtupu vilevile. Amina, wajukuu zangu, haiezeki paa.