Nguchiro na Mtihani Usiofika

Haya, wenye masikio mpo?

Tupo.

Mmekuja nayo yote mawili?

Yote mawili.

Basi moja lisikilize, jingine lizibeni, maneno yasije yakaingia huku yakatokea kule.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana magari yalikuwepo, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Vichuguuni. Katika mji huo alikaa Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mdogo, mkia mrefu, na tabia ya kusimama kwa miguu miwili kila akienda kidogo, aangalie nani anamfuata. Hakumwamini mtu. Akipewa uji, anaunusa kwanza. Akisalimiwa, anajiuliza huyu anayenisalimia anataka nini.

Nguchiro huyo aliacha kazi yake ya kuwinda nyoka katika mashamba ya watu, akaingia shule ya udereva, kwa kuwa alitaka kuendesha teksi. Akajifunza gia, akajifunza breki, akajifunza kurudi nyuma kati ya mapipa. Mjomba wake alimwachia gari kuukuu, limeegeshwa nyuma ya nyumba, linamngoja. Kilichobaki ni mtihani tu. Ukifaulu, unapewa leseni. Masika yakianza hujaufanya, kibali chako cha kujifunza kinakufa, unarudi shule kuanza upya kama mtu ambaye hajawahi kugusa usukani.

Na mtihani huo ulikuwa mikononi mwa Kiboko, mkubwa wa ofisi ya leseni. Ofisi yenyewe iko mbali na mji, karibu na mto, mahali anapopapenda yeye.

Siku ya mtihani ikafika. Wanafunzi wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka ofisini. Wakapanga foleni. Wakangoja. Jua likapanda, jua likashuka. Kiboko akatoka, akapiga mwayo, hwaaaa, akasema, "Gari la mtihani ni bovu. Njooni wiki ijayo."

Wiki ijayo ikafika. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakapanga foleni. Wakangoja. Jua likapanda, jua likashuka. Kiboko akatoka, hwaaaa, akasema, "Uwanja una matope. Njooni wiki ijayo."

Wakaja tena. Wakangoja tena. Kiboko, hwaaaa, akasema mhuri haujulikani ulipo.

Na kila wakifukuzwa, miguu imewachoka, koo zimewakauka, wanasikia pip, pip pale getini. Ni Ngiri, shemeji yake Kiboko, na teksi yake. Vichuguuni nzima haikuwa na teksi nyingine. Wanafunzi wanapanda, wanabanana, wanalipa, wanarudi mjini kimya kama watu wanaotoka mazikoni.

Siku ile ya mhuri, Nguchiro hakupanda upesi. Alilizunguka lile gari polepole. Mlangoni aliona rangi mpya imepakwa mahali pamoja tu, kama kiraka. Akainusa. Akaikwaruza kwa ukucha, kwaru, kwaru. Chini ya rangi pakatokea maandishi: GARI LA MTIHANI.

Damu ikamchemka. Akaingia, akakaa nyuma na mwanafunzi mwenzake, Digidigi, mnyonge wa watu, anayeogopa hata honi ya gari analoliendesha mwenyewe. Waliposhuka mjini akamweleza alichokiona. Digidigi akasema huenda gari limeuzwa.

"Tukifaulu sisi, nani atapanda gari la Ngiri?" Nguchiro akamuuliza.

Digidigi akafikiri, masikio yakamlala. Akasema basi twende tukashtaki. Nguchiro akamwambia ameshauliza: malalamiko yote juu ya ofisi ya leseni hupokelewa na ofisi ya leseni.

Siku zikaenda, mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Nguchiro akawa hali vizuri. Kila asubuhi anapanda juu ya kichuguu, anasimama kwa miguu miwili, anatazama mbingu. Asubuhi moja aliona kitu kingine: vumbi, kule vilimani. Nyumbu walikuwa wanahama, kama wanavyohama kila mwaka. Akalitazama lile vumbi kwa muda mrefu. Kisha akateremka, akamchukua Digidigi, wakasimamisha teksi ya Ngiri.

Ndani ya gari, Nguchiro akamwinamia Digidigi, akanong'ona kwa sauti ambayo dereva yeyote angeisikia.

"Umeona vumbi lile, ndugu yangu? Nyumbu wanakuja. Wote, na vikongwe wao, na wagonjwa wao. Na kutoka mtoni mpaka malishoni ni mbali kweli. Gari moja litafaa nini? Na sheria haimruhusu asiye na leseni kubeba abiria. Usimwambie mtu."

Sikio la Ngiri likasimama wima, twii. Aliwashusha kabla hawajafika, akageuza gari, vruuum, mpaka kwa Kiboko.

Kiboko aliposikia habari hiyo imetoka kwa Nguchiro, akakunja uso, akasema yule hana jema. Lakini akatoka nje. Akatazama vilimani. Vumbi lilikuwa linapanda, vuuu, na linasogea. Kiboko akaliona vumbi, akaona abiria. Akaona abiria, akasahau aliyemletea habari.

Kesho yake wanafunzi wakaitwa wote. Loo, gari bovu lilikuwa limepona. Na mengine yaliyofichwa chini ya maturubai yakafunuliwa, vruum, vruum, mazima kabisa. Uwanja ulikuwa umekauka. Mhuri ulionekana, tena katika mfuko wa Kiboko mwenyewe.

Kiboko akawaambia hapana haja ya kupoteza wakati, atawapa leseni papo hapo, kisha waendeshe magari yake kwenda mtoni. Wanafunzi wakashangilia. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. Leseni isiyo na mtihani aliinusa kama alivyounusa uji: anayekupa hivyo leo, kesho atasema hukupimwa, na atakuwa anasema kweli.

"Bwana Mkubwa," akasema, "tunaomba tupimwe. Hapa hapa barabarani, watu wakiona."

Kiboko akatazama vumbi, akakubali kwa hasira.

Nguchiro akaingia, Kiboko akaketi kando yake, gari likalala upande. Akarudi nyuma kati ya mapipa, hakuligusa hata moja. Akasimama katikati ya mlima, akaondoka bila kuserereka. Wakafika penye kibao cha kukataza kuingia. Kiboko akasema, "Ingia hapo."

Nguchiro akakanyaga breki. "Hapa haparuhusiwi, Bwana Mkubwa."

Kiboko akaguna, akampasisha. Wengi wakafaulu. Digidigi, maskini, alisikia honi, akashtuka, akapiga pipa, ngwaa. Akashuka analia. Nguchiro akamshika bega, lakini hakumwombea. Pipa lilikuwa limeanguka kweli.

Kisha msafara ukaenda mtoni. Ardhi ikaanza kutetemeka. Gudu, gudu, gudu, gudu. Nyumbu hao. Kiboko akasimama barabarani anaita, teksi, teksi, karibuni. Nyumbu hawakugeuza hata shingo. Nyumbu tangu azaliwe anakwenda kwa miguu yake. Walipita kulia kwake, wakapita kushoto kwake, na vumbi lilipotulia, Kiboko alikuwa mwekundu kama tofali, na magari yote matupu.

"Ulisema watapanda," akamwambia Nguchiro huku anakohoa.

"Nilisema wanakuja."

"Lete hiyo leseni."

"Nilipimwa, Bwana Mkubwa. Watu hawa wote waliona."

Na kweli watu waliotoka mjini kuja kutazama mtihani walikuwa wamejaa kando ya barabara. Bibi Kanga mmoja, aliyekuwa akitembea kwenda sokoni miaka yote, akauliza kwa upole kati ya magari haya lililokuwa bovu ni lipi. Kiboko akafungua kinywa, kikubwa kile, akapiga mwayo tu, hwaaaa.

Tangu hapo teksi zikajaa Vichuguuni. Nguchiro akalitoa gari la mjomba. Jioni akawa anamfundisha Digidigi kurudi nyuma huku akimpigia honi sikioni, mpaka akazoea. Wiki iliyofuata mtihani ulifanyika, kwa sababu visingizio vilikuwa vimekwisha, na Digidigi alifaulu kabla mvua haijaanguka. Nyuma yake kwenye foleni, kichwa chini, alisimama Ngiri. Kumbe siku zote zile alikuwa anaendesha bila leseni.

Hapo ndipo hadithi yangu inaposhusha abiria. Mmeshuka?

Tumeshuka.

Hamkusahau kitu?

Funzo.

Funzo ni hili: ukiambiwa usubiri, subiri. Usinuse, usikwaruze, usiulize. Wakubwa hawacheleweshi jambo ila kwa faida yako. Funzo hili nimepewa na Kiboko mwenyewe, na amenisihi sana niliseme kwa sauti.