Sifa Tisa Mlangoni

Usiku wa manane kilisikika kilio cha mwanamke kutoka nyumba ya mfalme, kilio cha uchungu wa kuzaa, kirefu, halafu kikakatika ghafla. Wanawake waliokisikia walishika vifua.

Mfalme Kivuma, jamani, alikuwa mtu wa kujipenda kupita kiasi. Ukisema kichwa kinakuuma, chake kinauma zaidi. Msibani kazi yake ilikuwa kuangalia nani hajamwamkia. Na mlangoni kwake aliweka desturi: haingii mtu kabla ya kutaja sifa zake tisa, zote, bila kuruka hata moja.

Basi mkunga Bi Somoe akaja mbio, kibibi kidogo tu, khanga inamvuka, na mlinzi akamzuia.

"Sifa kwanza, bibi."

"Simba wa bonde," akaanza, "mvua ya masika, nguzo ya wanyonge..."

Ndani kimya. Akaziacha sifa, akapaza sauti: "Kivuma! Zimebaki sita, na mkeo hana muda wa kuzisubiri. Chagua!"

Mlinzi akafumba macho, maana hakuna aliyewahi kumwita mfalme jina tupu.

Mlango ukafunguliwa. Ni mfalme mwenyewe. "Unajua unasema na nani?"

"Na mume wa mgonjwa. Shika taa."

Akashika. "Lakini na mimi sijalala tangu jana," akanung'unika, "wala hakuna anayenionea huruma..."

"Inua taa, baba, unanitilia kiza."

Mtoto akatoka hapumui, amegeuka rangi. Bi Somoe akampangusa mdomo, akamsugua mgongo, akamsugua, akamsugua, mpaka mtoto akalia. Na mfalme naye akalia, tena kumshinda mtoto.

Asubuhi watu walijaa uani. "Hongera mfalme! Umetuletea mrithi!" Wakakaa tayari kusikiliza majigambo.

Akasema: "Aliyemleta ni mke wangu Mwanakheri. Aliyewaokoa wote wawili ni Bi Somoe. Mimi nilishika taa, na hata hiyo niliitikisa. Kuanzia leo, mwenye shida aingie bila sifa."

Kisha akamvuta mkunga pembeni. "Lakini bibi, lile la kulia..."

"Simwambii mtu mwingine, mwanangu. Nakuahidi."

Funzo: Mwenye kujiona hatibiwi kwa sifa wala kwa matusi; huanza kupona siku anapopewa taa ammulikie mwenzake, na heri yake mwenye ujasiri wa kumkabidhi.