Jina la Kuandikwa Mlangoni

Siku ile kwenye banda kuukuu la mkonge tulikuwapo Mghoi, Wakesho, Mkamburi, mimi na mwanangu mgongoni, watoto wetu wa chekechea, na wageni saba wa kamati ya bajeti ya kaunti, mwenyekiti wao akiwa miongoni mwao.

Mghoi alijaliwa subira. Miaka mitatu aliwafundisha watoto wetu bila mshahara, akiwapangusa hata kamasi. Wakesho alijaliwa mkono wa kupika. Uji wake uliwaleta watoto hata siku za mvua. Mkamburi alijaliwa ulimi. Huyo haogopi mtu mwenye tai.

Lakini subira nayo huchoka. Kama muhula ungeisha bila fedha za serikali, darasa lingefungwa, na watoto wangerudi kutufuata shambani kwenye miiba ya mkonge.

Wageni wakafika kukagua darasa, viti hakuna. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameviazima kanisani. Mwenyekiti akatazama saa, akasema watoto wadogo hawa wanacheza tu, wangoje wakue. Akageukia gari.

Wakesho akamkingia njia na sinia la uji. Kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu, wala hanywi amesimama. Basi waheshimiwa wakakalia mawe ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Mghoi akamwita Mwikamba, mtoto wa Mkamburi, agawe uji. Mtoto akatazama wageni, akatazama sinia.

"Mwalimu, wageni ni saba, vikombe ni sita."

Akaenda kuleta cha saba. Mwenyekiti akamfuata kwa macho.

Mkamburi akaona nafasi. "Mheshimiwa, jiwe hilo linakuumiza?"

"Linaumiza, dada."

"Ndilo kiti cha Mwikamba wangu, na umemsikia akihesabu. Mpeni kiti, mpeni na mwalimu wake mshahara. Wangoje wakue? Kukua hakungoji bajeti."

Mwenyekiti alicheka, kisha akatoa daftari akaandika ombi letu.

Bajeti ilipopita, tulipata darasa la matofali, mshahara wa Mghoi na unga wa uji. Tulipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Fundi rangi akauliza mlangoni aandike jina la nani.

Mghoi akasema la Wakesho, kwani asingewakalisha wangeondoka. Wakesho akasema la Mkamburi, maana bila ulimi wake wangekunywa wakaaga. Mkamburi akasema la Mghoi. Bila mtoto aliyefundishwa, yeye angesema nini?

Je, wewe msikilizaji, ungemwambia fundi aandike jina gani?

Mlango ule mpaka leo hauna jina, lakini kila asubuhi unafunguliwa.