Mtungi wa Nchi Mbili

Hapo zamani, mipaka ya nchi ilipokuwa mito tu, palikuwa na nchi mbili zilizotazamana, Fukuni na Zirani. Mvua iliyonyesha huku ilinyesha na kule, na nyuki wa msitu mmoja walivuka mto bila kuomba ruhusa. Lakini watu wa Fukuni walikuwa wakihama, leo nyumba hii, kesho ile, wakaenda kukaa Zirani.

Sultani Harithi wa Fukuni alipenda kuambiwa kwamba nchi yake haina mfano. Basi akapata habari kwamba mjane mmoja, Mwatumu binti Sudi, mshona makawa ya kufunikia vyakula, asiye na mbele wala nyuma, amesema sokoni kuwa maisha ya Zirani ni bora. Ikawa akaitwa barazani.

"Wewe mwanamke," akasema Sultani, "ni kweli umeyanena hayo?"

"Nimeyanena, Seyyid yangu. Nilidhani ni jambo linalojulikana."

Waziri Shekue akaruka. "Seyyid, mtu huyu afungwe!"

"Taratibu," akasema Sultani. "Mwatumu, nenda Zirani. Uniletee maisha ya kule na maisha ya huku ndani ya mtungi mmoja, niyaone kwa macho yangu. Ukishindwa, gerezani utazeekea."

Mwatumu akatoka akijua kwamba aliyeingia gereza lile hakuonekana tena. Hata hivyo akaazima mtungi kwa jirani, akavuka mto.

Huko Zirani akabisha kwenye nyumba ya mrina asali. Mwenye nyumba aliposikia masaibu yake akamhurumia, akamjazia mtungi asali mpaka shingoni. Mwatumu akastaajabu, "Ndugu yangu, nawe utakula nini?"

"Iko nyingine, dada. Huku hakuna ajaye kunichukulia."

Mwatumu akarejea. Alipofika kivukoni upande wa Fukuni, mlinzi akasema, "Hiki ni kitu gani? Lete tuonje." Akachota bakuli zima. Njiani wakamkuta walinzi wa barabara, nao wakaonja. Kwenye mlango wa mji wakaonja walinzi wakubwa kisha wadogo, wakamsindikiza mpaka jumbani. Na ukumbini mwa jumba, Waziri Shekue mwenyewe akaunyakua mtungi, akasema lazima ahakikishe haimo sumu ya kumdhuru Sultani, akahakikisha mpaka mtungi ukawa mwepesi.

Basi Mwatumu akauweka mtungi mbele ya Sultani. Sultani akachungulia.

"Mbona mtupu?"

"Seyyid, uliniamuru nilete nchi mbili katika mtungi mmoja, nami nimetii. Mtungi ulipokuwa Zirani ulijaa. Ulipoingia Fukuni ukawa hivi uuonavyo. Zirani ni ule ujazo, na Fukuni ni huu utupu."

"Mwongo!" akapiga kelele waziri. "Ameila asali mwenyewe! Ana shahidi gani?"

Shahidi Mwatumu hakuwa naye. Lakini nzi walikwisha kuingia kwa madirisha. Wakampita Mwatumu, wakampita Sultani, wakaenda kutua kwenye ndevu za waziri, wakatulia. Waziri akawapunga, wakarudi. Wengine wakatua kwa walinzi wa mlango wa mji, vidoleni na mdomoni, kila mtu kwa kadiri alivyoonja.

Sultani akawatazama mmoja mmoja, uso umemwiva kwa hasira. Kisha tamaa ikamshinda. Akaingiza kidole mtungini, akapangusa kilichobaki, akalamba, akafumba macho. Alipoyafumbua, nzi mmoja mnene alikuwa ametua kwenye kidole cha kifalme.

Baraza zima likaganda.

"Seyyid," akasema Mwatumu kwa upole, "huyo mimi sikumtuma."

Sultani akamtazama nzi, akamtazama Mwatumu, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alipokwisha kucheka akajifuta machozi, akamvua Shekue uwaziri, akawaondoa walinzi wote njiani, akampa Mwatumu nyumba na shamba kando ya mto. Na tangu siku ile, mtu akivuka na mzigo wake, hufika nao nyumbani kama alivyoufunga.